Teodora na Bega la Mzee Ndalahwa

Teodora Chenge alikuwa afisa utumishi wa kiwanda chetu cha mafuta ya pamba, na mimi nilikuwa mpiga chapa wake. Meza zetu zilitenganishwa na mlango ambao haukufungika vizuri tangu enzi za ushirika, kwa hiyo niliyoyaona niliyaona, na niliyoyasikia sikuyatafuta. Nasema mapema kwa sababu wapo watu hapa Mkuyuni watakaoniita mmbea. Ni kweli, lakini si katika hili.

Mwaka wa tisini na nne kiwanda kiliuzwa. Wenyewe wapya waliona tuko wengi mno, na hapo hawakukosea: tulikuwa na mtu wa kufungua geti na mwingine wa kumsaidia kulifunga. Ila kabla ya kutupunguza wakatuletea semina. Mwalimu, Bwana Alexander, alitoka Nairobi na viatu vyenye ncha. Elimu yake iliitwa NLP. Alipojaribu kuifasiri kwa Kiswahili ikawa ndefu hadi watu wa viti vya nyuma wakasinzia, lakini maana yake ilikuwa kwamba ubongo una mazoea, na anayeyajua mazoea hayo ataongea na mtu wakaelewana, tena atafanya kazi bila hofu.

Alitufundisha mambo mawili. La kwanza, kaa kama anavyokaa mwenzako, pumua anavyopumua, ongea kwa mwendo wake, naye atakuona ndugu. La pili, kumbuka siku yako ya furaha, uione, uisikie, uinuse, kisha ubonyeze kifundo cha kidole cha kati. Ukirudia mara nyingi, furaha itakuja kila utakapobonyeza. Mimi nilibonyeza mpaka kidole kikavimba. Teodora alibonyeza mara chache tu, akafumbua macho yamejaa machozi.

Siku aliyoichagua ilikuwa siku yake ya kwanza kiwandani. Alikuja kutoka Magu na gauni la kuazima, hamjui mtu, akajibanza nyuma ya marobota ya pamba wakati wa chakula. Mzee Ndalahwa, msimamizi wa mashine, akamfuata huko na michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, akamkatia nusu. "Kula, mwanangu," akamwambia. "Hapa hatuogopani." Tangu siku hiyo akawa baba yake wa mjini. Ndiye aliyesimama upande wa bibi harusi Teodora alipoolewa.

Basi wakubwa wakamkabidhi Teodora kazi ya kuwaita watu mmoja mmoja na kuwaambia wamepunguzwa. Alikuwa amefaulu semina kutushinda wote, na masikini, kufaulu kwenyewe ndiko kulikomponza.

Alikuwa hodari, siwezi kumnyima. Aliingia Kashindye wa stoo, mtu wa kufoka, amekunja mikono. Teodora naye akakunja mikono. Kashindye alipoishusha, na yake ikashuka. Mwishoni Kashindye alimshukuru, mtu aliyefukuzwa kazi anashukuru! Kabla ya kila mmoja kuingia, nilimwona akibonyeza kifundo cha kidole. Anabonyeza, anatabasamu, anaita, "Karibu."

Baada ya wiki mbili hakucheka tena nikimtania. Alikula wali na samaki kama mtu anayemeza vidonge. Siku moja nilikuwa kwao Pasiansi mwanawe Rebeka akaanguka kwenye mawe, goti likachubuka. Teodora akachuchumaa kama alivyochuchumaa mtoto, akasema polepole, "Naona umeumia. Nakuelewa." Mtoto akanyamaza, akamwangalia mama yake, kisha akanikimbilia mimi. Nilikasirika sana siku ile, na sikujua nimkasirikie nani.

Jina la Mzee Ndalahwa lilibaki mwisho. Asubuhi hiyo Teodora aliniambia, bila kupandisha sauti wala kuishusha, "Kazi wameshaichukua, hilo siliwezi. Nataka kitu kimoja tu. Atoke humu bado ni baba yangu."

Mzee aliingia akaketi kama anavyoketi siku zote, bega la kushoto limeshuka kwa sababu ya mashine iliyowahi kumbamiza, mkono juu ya goti. Alikuwa na kawaida ya kunyamaza kidogo katikati ya maneno. Teodora akamwamkia, akaketi, akabonyeza kidole, akaanza. Na mimi nikiwa nyuma ya mlango nikaliona bega lake la kushoto linashuka. Mkono ukaenda gotini. Akasema neno, akanyamaza, akasema jingine.

Mzee akalitazama lile bega.

"Teodora," akasema, "unaniigiza?"

"Hapana, baba."

Lakini bega lilikuwa bado chini. Kwetu mtoto hamwigizi mzee, hata akimpenda namna gani, sembuse kilema chake. Nilitamani kuingia nikalinyanyue lile bega kwa mikono yangu. Mzee akachukua barua yake, akasema ahsante, akatoka. Teodora akabonyeza kifundo. Akabonyeza tena. Nikamwuliza vipi, akasema, "Hamna kitu," akaniomba nimwitie dereva wa kiwanda amrudishe nyumbani.

Yeye alibaki kazini, na wakampandisha cheo. Mimi nilipunguzwa Desemba, na aliniambia vizuri sana.

Mwaka uliofuata Kashindye alifariki, tukaenda pamoja msibani Sengerema. Pale Kigongo kivuko kilikuwa bado ng'ambo, upande wa Busisi, na kwenye benchi la abiria alikuwa ameketi Mzee Ndalahwa. Teodora akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni."

Hakuwa na kinyongo, ningekiona. Aliuliza hali ya Rebeka, akafungua mfuko wake wa michembe, akampa Teodora nusu. Teodora akatafuna. Nilimwuliza kwa sauti ndogo ikoje, akasema laini. Hakusema tamu.

Tukakaa tukitazama maji. Kisha mzee akageuka, akaongea kwa upole, kama anayemwuliza mtu kama amechoka.

"Mwanangu, umekaa hivyo kwa ajili yangu, au siku hizi ndivyo unavyokaa?"

Teodora akajitazama. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, mkono uko gotini. Akalinyanyua, likakaa vibaya, akalishusha. Akajaribu kukaa namna nyingine, halafu nyingine, na kila namna ilikuwa ya mtu ninayemfahamu: ya Kashindye, ya mlinzi wa geti, yangu mimi.

"Sijui, baba," akasema.

Mzee akasogea kidogo kwenye benchi kumpa nafasi. Kivuko kikatia nanga, watu wakasimama.