Mwaka Baba Alipomnyima Kura Shemeji Yake

Juzi gari la kampeni lilipita hapa Mpanda mjini, spika juu ya paa, madirisha yakitetemeka. Mawazo yangu yalikuwa kijijini Usevya, kwenye nyumba yetu ya tofali za kuchoma, mwaka mjomba alipogombea udiwani.

Karibu kijiji kizima kilikuwa cha Wakatoliki. Sisi tulikuwa Wamormoni, watu watatu tu: baba, mama na mimi binti yao. Baba aliipata imani hiyo alipokuwa kibarua Dar es Salaam, akarudi nayo. Jumapili wenzangu wakienda misa na magauni yao, sisi tulikaa mkekani sebuleni. Baba alibariki mkate na maji, tukaimba nyimbo ambazo hakuna jirani aliyezijua. Majani ya chai hayakuingia kwetu, maana imani yetu inayakataza. Mama alichemsha mchaichai, nyumba nzima ikanukia. Sauti zetu zilikuwa chache, na kwaya ya parokia ilizifunika kutoka mbali.

Mjomba, kaka yake mama, alipopitishwa kugombea, bibi, mama yao, alikuja kwetu na ndugu zake.

"Mkwe," alimwambia baba, "kura za nyumba hii ni za mwanangu, si ndiyo?"

Baba alijibu, "Mama, mimi sitampigia. Alipokuwa kwenye kamati ya mfereji, maji aliwapa wakubwa, mpunga wa wengine ukakauka. Mke wangu ataamua la kwake."

"Ni hiyo dini yako inakukataza?"

Nilitamani aseme ndiyo. Wangemwacha; dini yetu walishazoea kuiona ya ajabu.

"Hapana, mama. Kanisa halituambii tumpigie nani. Linasema tutafute mtu mwaminifu, tuombe, kila mtu achague. Hili nimeamua mwenyewe."

Bibi aliinuka, uji wake ukabaki kwenye kikombe.

Mama alimpigia kura kaka yake na hakuficha. Mjomba alishindwa. Msimu wa kuvuna ulipofika, hakuna ndugu aliyekuja. Miaka mingine shamba lilijaa vicheko na sufuria kubwa la maharage. Mwaka ule ilisikika miundu yetu mitatu na ndege tu. Nilimuuliza mama kama amemkasirikia baba.

"Nimemkasirikia sana," alisema. "Lakini kura ni yake."

Jumapili alipiga magoti pembeni ya baba kama kawaida.

Bibi alirudi baba alipougua. Alileta samaki wakavu, akakaa kitandani kwake. "Mkwe, wewe mbishi," alisema, na baba akacheka mpaka akakohoa. Baba alifariki kabla ya mvua. Kwaya ya parokia ndiyo iliyomwimbia, kwa wema. Baada yake hapakuwa na wa kubariki mkate, maana kwetu hiyo ni kazi ya mwanaume mwenye ukuhani. Mama na mimi tulikaa tu, tukasoma maandiko.

Sasa mama naye hayupo, na nyumba imeanguka. Hapa mjini nimeona marafiki wakiachana kisa chama, na mume na mke wakifichana kura zao. Ninapopanga foleni ya kupiga kura, huwa natamani kumwona mtu mmoja tu wa kunikasirikia kama mama alivyomkasirikia baba, kisha turudi naye nyumbani kula.