Benki Iliyosubiri Giza

Nilipokuwa mtoto, Rumonge kulikuwa na benki moja tu iliyokopesha watu fedha za nyumba, na riba yake ilikuwa inachoma. Baba, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, aliweka kiwanja rehani ili atujengee nyumba ya matofali. Akamwambia mama kwamba kuanzia siku ile meneja wa benki ni kifunguamimba wetu, maana ndiye atakayepakuliwa kwanza.

Lakini meneja yule alizaliwa Gitaza, kati ya vichanja vya ndagala. Alijua kwamba ndagala huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi. Wavuvi hukaa nyumbani wakishona nyavu, na fedha hakuna. Basi baba alilipa giza likirudi, ingawa mkataba haukusema hivyo. Meneja alipita kwetu jioni na kusimama penye kibaraza.

“Amahoro, muzee. Mwezi iko mukubwa bado?”

“Iko bado. Ngoja kidogo.”

“Haya, tutangoja.”

Mama alimfungia ndagala kavu, naye meneja akashukuru, “Murakoze,” akaenda zake. Jioni zile nazitamani mno. Riba tuliilaani kila siku, lakini usingizi tulilala.

Kisha, miaka michache iliyopita, benki ya pili ikafunguliwa ng'ambo ya barabara, na ya tatu karibu na soko. Zikagombania wateja kama wauza mawese gari likisimama. Hii ikishusha riba leo, ile inashusha zaidi kesho. Benki mpya ikamwomba baba ahamishie deni kwao, kwa riba ndogo hata mama akadhani wamekosea. Baba hakuwa mjinga. Alimuuliza binti wa dirishani mbona yao iko chini hivyo.

“Papa, deni za nyumba tunazifunga pamoja, tunaziuzisha kwa watu benye feza Bujumbura. Feza inarudi mbio, tunakopesha bengine. Ndiyo maana iko chini.”

Mama alilielewa upesi kuliko sisi sote. Alisema ni kama gunia lake la ndagala: likishapanda lori, hakuna anayeuliza aliyevua ni nani. Tukacheka, baba akatia sahihi.

Mbalamwezi ya kwanza ilipotoka, baba alivaa shati lake la Jumapili akaenda kuomba angojewe, kama alivyozoea. Binti yule alitazama chini.

“Papa, deni yako haiko tena ya kwetu. Mimi ningengoja. Lakini benye feza banataka tarehe yao, na mwezi habaijui.”

Faini ikaja, ikazaa nyingine. Miezi mitatu baadaye tukaambiwa nyumba itapigwa mnada. Nilikuwa nafundisha Bujumbura. Nikapanda gari kwenda nyumbani na njia nzima, kupitia Muhuta mpaka Rumonge, nilikuwa na hasira isiyo na mtu wa kumtupia.

Tulikwenda pamoja kwa meneja wa zamani, kichwa chake sasa cheupe, kumwomba alirudishe deni kwake. Alitupa viti, akauliza habari za mama.

“Muzee,” alisema, “ile riba yangu kubwa ndiyo ilikuwa inalipa kungoja. Sasa hawa bamefungua hapa, na mimi nimeishusha ili watu basinikimbie. Deni naweza kulichukua. Kungoja sina tena.”

Hakuna aliyetudanganya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: kila mtu alisema kweli, kwa upole, na nyumba ilikuwa inakwenda.

Baba aliuza mtumbwi, taa na nyavu zake, akalipa faini zote, na mnada ukafutwa. Vyumba viwili vya mbele akavipangisha kwa walimu, na kodi yao, ndiyo inayolipa deni, inaingia mwisho wa mwezi, mwezi uwe mkubwa au usiwepo. Nyumba ni yetu. Riba ni ndogo kweli, sibishi.

Likizo iliyopita nilimsindikiza mama sokoni. Alisimama mbele ya ndagala, akachagua polepole, akauliza bei. Mwuzaji, aliyeanika naye samaki miaka mingi, alidhani anataniwa, akacheka. Mama akafungua pochi, akalipa.