Hedifoni Zisizobana Miwani

Tuliporudi nyumbani Nkubu kutoka hospitalini bila mtoto, mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Kiritiri. Alikuja na mfuko wa njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu hupikiwa mzazi ili apate maziwa. Alikuwa amezinunua mapema, mimba ikiwa bado salama. Sijui kama aliwaza mara mbili, lakini alizipika, nami nikala. Sikuwa na sababu ya kula wala ya kukataa.

Sikulia. Watu wa kanisa walikuja, wakaomba, wakanywa chai, na nikawashukuru wote kwa ile sauti ninayopokelea simu kazini. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili, na sauti hiyo hutoka yenyewe.

Mume wangu alirudi kazini kabla yangu. Kila jioni, akishavua viatu, alikuwa akiketi sebuleni mbele ya kompyuta na kucheza gemu ya vita na binamu yake anayefanya kazi Kiambere, kwenye bwawa la umeme. Kila mmoja alikuwa kwake, lakini walizungumza humo ndani ya gemu, wakionyana adui yuko wapi. Zamani walicheza wikendi tu. Sasa spika zilijaza nyumba milio ya bunduki tangu jua likizama hadi tuitane mezani.

Mama mkwe, ambaye ni mtu wa maombi, alivumilia kwa muda. Kisha akaniuliza, tukiwa jikoni, kwa nini mwanawe anaua watu katika nyumba yenye msiba. Nikamwambia si watu. Akasema anajua si watu, anauliza tu.

Mimi milio hiyo haikunisumbua, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Niliweza kukunja nguo kando yake, mabomu yakilipuka, nisisikie kitu. Lakini kwa ajili ya mama nilimwomba mume wangu atafute hedifoni.

Haikuwa rahisi. Zile ndogo za kuchomeka masikioni zilimuuma. Akaazima kubwa za mwenzake wa kazini, zenye taa nyekundu ubavuni, zikawa mbaya zaidi, maana zilibana miwani yake. Kabla gemu haijafika katikati kichwa kilikuwa kinamgonga, na alipozivua niliona mistari miwili myekundu juu ya masikio. Akasema afadhali aache kucheza. Hakuacha, alipunguza tu sauti, na mama akawa anasikia bunduki ndogo.

Jumamosi moja alikuwa na safari ya Embu, kupeleka mashine ya ofisini kutengenezwa. Mama akasema niende naye, nimeota mizizi jikoni. Nikavaa sweta, nikaenda.

Duka tuliloingia kutafuta hedifoni lilikuwa la mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akila hindi la kuchoma nyuma ya kaunta. Mume wangu alimweleza tunachotaka: si zile rahisi ambazo waya hukatika kabla hujazizoea, wala zile zilizofungiwa ndani ya kabati la kioo. Za katikati. Ziwe na maiki, na zisibane miwani. Yule mama akasema zake zote ni nzuri, akatupangia kadhaa kwenye kaunta, akarudia hindi lake.

Mume wangu alizivaa za kwanza, akatikisa kichwa, akasema zinafaa. Nikamwambia asizivue, akae nazo. Kiatu hakikubani dukani, hukubana njiani. Tukapewa viti, tukakaa kama watu wanaongoja daktari. Baada ya muda akaanza kusogeza miwani, na hizo tukaziweka kando. Za pili hazikuwa na waya, lakini sauti ilichelewa kidogo. Alisema kwa hizo atakuwa ameshakufa ndipo asikie hatua za aliyemuua. Za tatu zilikuwa za ngozi bandia, na masikio yakaanza kumtoka jasho hapo hapo.

Za nne zilikuwa nyeusi tupu, hazina taa, na mito yake ya masikioni ilikuwa ya kitambaa. Sikio lote liliingia bila kukunjwa. Alikaa nazo mpaka yule mama akamaliza hindi, na hakugusa miwani hata mara moja. Akaniambia nizipime uzito. Nilizishika mikononi, nikaona ni nyepesi.

Ilibaki maiki. Mwenye duka alizichomeka kwenye kompyuta yake, akasema mmoja wetu aseme kitu kirekodiwe, kisha tusikilize. Wakati huo simu ya mume wangu ililia, akatoka nje kuipokea. Basi nikazivaa mimi.

"Sema chochote tu," mwenye duka aliniambia, akamgeukia mteja mwingine.

Sikuwa nimepanga lolote. Nilisema kwa sauti yangu ya ofisini, "Nguo zake bado ziko chini ya kitanda. Mimi siwezi kuzitoa. Zitoe wewe."

Aliporudi nilimkabidhi hedifoni na kumwonyesha pa kubonyeza. Alisikiliza akitazama kaunta. Akabonyeza tena, akasikiliza mara ya pili. Kisha akazivua, akavua na miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati.

"Maiki iko sawa," alimwambia mwenye duka. Akamwomba afute ile rekodi, akalipa.

Njiani tulizungumza kuhusu mvua.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta mama mkwe ameondoka. Chumbani, sakafu chini ya kitanda ilikuwa imefagiwa na katoni ya nguo za mtoto haikuwapo. Nilisimama pale nikingoja kitu kinipate. Hakikunipata. Nikabadilisha nguo, nikaenda kuinjika sufuria ya wali.

Mume wangu alikuwa sebuleni, hedifoni kichwani, nyumba kimya. Ilibidi nimguse bega. Akainua upande mmoja.

"Ulizitoa?" nikamuuliza.

"Nilizitoa. Mama ameenda nazo. Kuna msichana wa jirani yake amejifungua."

"Ulilia?"

"Kidogo. Nikirudi kutoka kumsindikiza stendi."

"Mimi bado."

"Najua," alisema. "Nakuona."

Kwenye skrini mtu wake alikuwa ameshapigwa risasi, amelala kifudifudi kwenye nyasi. Akavua hedifoni, akaziweka mezani, akasogea ili nipate nafasi. Nikaketi. Hatukushikana mikono. Binamu yake aliendelea kumwita kutoka Kiambere, sauti nyembamba kama ya nzi ndani ya kikombe, akiuliza yuko wapi, kisha akaacha kuita. Tulikaa hivyo mpaka niliposikia harufu ya wali ukianza kuungua, nikainuka kwenda kuuepua.