Sato wa Ukutani

Mimi nina mdomo, na watu wa Pasiansi watakuambia hivyo kabla hujawauliza. Nimeandika mabango kwa brashi tangu ujana wangu: saluni, maduka ya spea, bucha, hata makanisa mawili. Kwa hiyo mtendaji wa kata alipotuita tutoe maoni kuhusu sheria mpya za mabango ya biashara, nilivaa shati la Jumapili nikaenda.

Jirani yangu naye alikuja, mama mtu mzima anayepika ugali na samaki njiani kushuka mwaloni, pale boti zinapotia nanga. Ukutani kwake nilikuwa nimemchora sato mkubwa, urefu wa mlango. Jicho lilinishinda, likatoka kubwa mno, na watu walinicheka eti sato wangu kavaa miwani. Lakini sato huyo ndiye aliyekuwa akimletea wateja. Wengi ni wazee wanaokuja na dagaa kwa boti za Nansio, na kusoma hawajui. Wakielekezana wanasema: pita mashine ya kusaga, ukiona samaki, ingia.

Tulikutana darasani, shule ya msingi, tukabanana kwenye madawati ya watoto. Afisa wa jiji, kijana mpole, akatusomea rasimu. Kila biashara kibao kimoja, kipimo kimoja, kichapishwe kwenye plastiki. Ukuta uwe wa rangi moja, bila maandishi wala michoro. Akasema hayo bado ni mapendekezo, ndiyo maana ametufuata, ila darasa tunalo kwa saa moja tu, wanafunzi wenyewe wako nje wanafanya michezo.

Plastiki! Damu ikanichemka, nikasimama. Nikasema brashi imenisomeshea watoto. Nikasema plastiki inapauka hata masika mawili haimalizi. Nikaeleza rangi ya mafuta inavyoshika kwenye mbao, kisha nikaeleza tena. Watu wakapiga makofi, na ukishapigiwa makofi, ndugu yangu, kukaa chini ni kazi. Yule mama alikuwa dawati la mbele yangu. Mara mbili niliona mkono wake ukinyanyuka kidogo, ukashuka. Kwetu mtu akisimama kuongea humkatizi, hata akikuchosha vipi; unasubiri akae. Mimi nikadhani anafukuza nzi.

Kengele ikalia, watoto wakajaa mlangoni. Afisa akafunga daftari lake, akatushukuru.

Njiani nikamwuliza, "Mama, mbona hukusema kitu?"

"Nilikuwa nasubiri umalize, fundi."

"Ulitaka kusema nini?"

"Huyo samaki wangu. Wenzangu watanipataje?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamfuata afisa mwenyewe nimweleze. Nilisema kesho, ikawa keshokutwa. Watu walikuwa wananipongeza mpaka huko Butimba, na mimi sifa zilinilevya. Sikwenda.

Sheria ilipotoka, kumbe nilisikilizwa: vibao vya kuandikwa kwa mkono vimeruhusiwa. Michoro ya ukutani ilibaki marufuku, kwa kuwa hakuna aliyeitetea. Kazi zikamiminika, na wa kwanza kuniita alikuwa yule mama jirani.

Nilifika asubuhi na kopo la rangi nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anza na ukuta, wateja hawajajaa."

Nilipaka rangi mkono wa kwanza, jicho la sato likawa bado linaonekana. Nikapaka wa pili, likapotea. Aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona.

"Mama, unisamehe. Nilikula muda wako."

"Aa, uliongea vizuri," akasema. "Hata mimi nilikupigia makofi."

Afadhali angenitukana.

Nikaandika kibao kwa uangalifu kuliko vyote nilivyowahi kuandika, nikakigongomea juu ya mlango. Akatoka jikoni, akajifuta mikono, akakitazama kwa muda.

"Kimepinda?" nikauliza.

"Hapana. Umeandikaje hapo?"

Ndipo nikajua kwamba naye hasomi. Miaka yote ya ujirani, sikujua. Nikamsomea: jina lake, halafu ugali na samaki. Akaniomba nimwonyeshe jina linapoishia, nikamwonyesha, akaitikia kwa kichwa.

Wakati huo mzee mmoja mwenye gunia la dagaa alikuwa anapanda kutoka mwaloni. Akafika mbele yetu, akautazama ukuta mweupe, akapita.

"Baba!" mama akamwita. "Ni hapa hapa."

Mzee akageuka. "Mbona samaki hayupo?"

"Nipo mimi. Karibu ndani."

Siku hizi boti ikitia nanga mama anaacha masufuria motoni, anatoka na magoti yake mabovu, anasimama kando ya barabara, juani, mpaka abiria wote wamemwona na wamepita. Kibao changu kiko nyuma yake. Kila mtu anasema nimekiandika vizuri sana.