Jogoo Aliyevaa Soksi Ukweni

Mkiniona nacheka peke yangu, jueni nimeikumbuka Ruiru, na mkiniona nimeinamisha uso ghafla, ni Ruiru hiyo hiyo, kwa sababu sijawahi kuaibika mahali popote kama nilivyoaibika uwanjani kwa baba mkwe wangu, tena kwa ajili ya soksi moja kuukuu ya kahawia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni ikiwa imelegea kidogo na mtu aliweza kutoka Thika mpaka Ruiru bila kuulizwa kila hatua anakwenda kumzika nani. Nilikuwa naishi Makongeni, hapo Thika, karani mdogo wa stoo, nimemaliza masomo ya usiku na cheti nimekitundika mahali ambapo mgeni hawezi kukikosa (hata akiingia kinyumenyume). Nyuma ya nyumba nilifuga kuku wa kishingo, wale wanaozaliwa shingo tupu, nyekundu, haina unyoya kuanzia chini ya kichwa mpaka kifuani. Jua la Thika likiwaka, kuku wa majirani wanahema midomo wazi, wangu wanataga tu, na mayai yao yalikuwa makubwa hata yai moja halikupita mlangoni (haya, lilipita, lakini kwa shida). Visa havikukosa: mwewe alikuja kila wiki kama mtoza kodi, kifaranga alitumbukia katika debe la unga akatoka mweupe pe pe pe, na tetea mmoja alikataa kuatamia popote isipokuwa ndani ya kofia yangu ya Jumapili, nikawa nakwenda kanisani kichwa wazi mpaka alipototoa. Lakini nilikuwa mtu mwenye raha zangu.

Basi siku ikafika ya kwenda kwao Wambui, mchumba wangu, nikajulikane rasmi, pamoja na Baba Mdogo Njoroge, ambaye ndiye angenisemea. Mbuzi wa mahari wangefuata kwa wakati wao, ila mimi nikaona nimpelekee mama yake jogoo wangu bora na tetea mmoja, aanzishe mbegu. Baba Mdogo akachungulia tengani, akaruka nyuma.

"Karanja, hawa kuku wana upele?"

"Hapana, Baba Mdogo. Ndivyo walivyozaliwa."

"Ukweni nani atakuuliza walivyozaliwa? Watasema umewaletea ugonjwa."

Neno hilo likanichoma, nikachukua soksi yangu, nikakata sehemu ya vidole, nikamvisha jogoo shingoni kama fulana ya baridi. Ikamkaa! (Tetea nilimwacha nyumbani kwa sababu soksi ya pili ilikuwa imeliwa na panya.) Jogoo akatembea akijitazama pande zote, utadhani ndiye anayekwenda kuposa.

Kule Ruiru tulipokewa vizuri. Baba yake Wambui, Mzee Gitau, mtu wa maneno machache, alitukalisha uwanjani kwenye vigoda, na mama yake alikuwa ndani ya jiko lake akipika irio, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi. Sasa, kwa mnaosoma na si watu wa kwetu, lazima niwaeleze: mwanamume anayeposa hamkaribii mama mkwe ovyo, wakikutana njiani mmoja anapinda kichakani, na ndani ya jiko lake hata kivuli cha mkwe hakitakiwi.

Baba Mdogo akaanza hotuba, na mimi, badala ya kutulia, nikamfungua jogoo kamba ili waone mwendo wake. Kuku wa pale walikuwa hawajaona kuku aliyevaa tangu waumbwe. Wakamvamia wote, vifaranga kwa wazee, wakimdonoa ile soksi, naye akikimbia soksi ikapanda, ikapanda, ikamfunika kichwa chote, na jogoo asiyeona mbele akapiga mbawa akaingia mlango wa kwanza uliokuwa wazi. Ulikuwa mlango wa jiko.

Nikamfuata. Msiniulize akili ilikuwa wapi.

Mle ndani moshi ulikuwa wa kukatwa kwa panga. Nikapiga magoti, nikapapasa, nikakamata mguu, nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Ulikuwa mguu wa mama mkwe. Nikauachia kama kaa la moto, nikarusha mkono tena, safari hii nikamshika jogoo kwa ile soksi, soksi ikachomoka, na shingo nyekundu ikajitokeza mbele ya macho ya mama.

"Ngai! Amemnyonyoa! Amemnyonyoa angali hai!"

Ruiru nzima ikajaa uwanjani, pamoja na watu wa mashamba ya kahawa na, nadhani, abiria wa treni. Wambui akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka, nisijue analia ama anacheka. Mzee Gitau akasimama.

"Njoroge, chukua mtoto wako mrudi Thika."

Nikaona Wambui ananiponyoka hivi hivi. Baba Mdogo akasihi, akaeleza, akainua soksi juu watu wote waione. Mzee akamgeuzageuza jogoo.

"Kwa hivyo hivi ndivyo alivyo."

"Ndiyo, mzee," nikajibu.

"Ukamficha."

"Ndiyo, mzee."

"Kama kuku umemvisha, wewe mwenyewe umekuja umevaa nini?"

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema koti ni la jirani, tai ni ya mwalimu wa shule ya usiku, saa haijatembea tangu niipate, na viatu... nikamtazama Baba Mdogo. Naye akaviinamia miguuni pangu.

"Viatu vyangu! Nimekuja ukweni na akala za mpira, nikijua vimeibwa, kumbe mwizi nimekaa naye basini!"

Watu walicheka mpaka mmoja akashikilia mti. Mzee Gitau hakucheka.

"Na kilicho chako ni kipi?"

"Ni kuku, mzee. Na huku kumtaka Wambui. Hivyo viwili sikuviazima."

Sauti ikatoka jikoni, mwenyewe hatokei:

"Muulizeni kama matetea wake wanataga."

"Wanataga, Mama, mayai makubwa hata..."

"Jibu swali," akasema Mzee.

"Wanataga."

"Basi aache huyo jogoo, na tetea amfuate," sauti ikasema. "Lakini kabla ya mbuzi yeyote, alete kondoo wa kunitakasa mguu wangu."

Wambui akaondoa leso usoni. Alikuwa akicheka, tena machozi yakimtoka.

Kondoo nilimpeleka, mbuzi wakafuata, na arusi ikafanyika. Siku hizi mnunuzi akija Makongeni akauliza kuku wangu wana ugonjwa gani, namshika mmoja nikamgeuzia shingo juani aione mpaka ashibe. Kumvisha kuku, kamwe. Na jiko la mama mkwe hata likishika moto, nitalizima nikiwa barabarani.