Maganda ya Vitunguu Kwenye Mafuta ya Bibi

Leo sikwenda shule. Majani yangu ya mlonge niliyoloweka yameota ukungu chupani, na kesho kila mmoja anaonyesha kazi yake kwa mwalimu wa kemia. Shangazi alinikuta nimejifunika shuka, akakaa kitandani. Shikamoo yangu hata sijui kama aliisikia. Naandika alivyosema.

Mwanangu, kuna siku haijanitoka. Mkoa wa Manyara ulikuwa ndiyo kwanza umeanzishwa, hapa Babati habari ni ofisi mpya tu, na mimi nipo kidato cha pili, mwenye aibu kama wewe hivyo. Mwalimu alitufundisha kwamba maganda ya vitunguu, haya tunayofagia, yana kitu kinachozuia mafuta yasiharibike upesi. Unayakausha kivulini, unayaloweka kwenye pombe kali, unachuja, unaacha pombe iruke yote hewani. Kinachobaki chini ndicho hicho.

Sasa bibi yako alikuwa mzee wa kanisa. Pombe iingie nyumba ile ya kijijini Nakwa? Nikaona aibu kumwambia mwalimu, nikayachemsha kwa maji.

Bibi yako alikuwa amekamua alizeti yetu, dumu zima, la kutufikisha mavuno mengine. Nikamwambia nina dawa ya kuyatunza. Aliniamini palepale, akawatambia majirani, "Huyu wangu anasomea mafuta." Nikamimina dumuni sufuria nzima, sikujaribu hata kwenye kikombe.

Yale maji yakatuama chini. Dumu lilipokuja kufunguliwa, hata paka alitoka jikoni. Mwaka ule tulikula mboga za kuchemsha, mwanangu, na bibi yako hakunigombeza. Alisema tu, huku akiyamwaga nyuma ya ua, "Alizeti tutapanda tena. Wewe kesho kamwulize mwalimu umekosea wapi."

Sikwenda hata shule. Mwalimu akanifuata hadi nyumbani, akapewa chai, nami nimejibanza nyuma ya banda la mbuzi mpaka nikasikia anaaga. Kidato cha tatu nikaacha kemia, na nilikuwa naipenda kweli. Siku hizi pale mgahawani kwangu Bagara namwaga ndoo za maganda, na roho huniuma. Bibi yako alikuwa akiniuliza, "Ulimwuliza?" Nikawa namwambia bado. Amefariki nikiwa bado.

Basi nisikilize. Kitu usichokijua kijaribu kwenye kikombe kabla hujagusa chakula cha nyumba nzima. Ukiambiwa utumie kitu ambacho kwenu hakiingii, sema hakiingii, mwalimu atakutafutia njia nyingine. Na kikiharibika, kibebe kama kilivyo, na ukungu wake, umwulize kimeharibikia wapi. Wenzako watakucheka, ndiyo. Wakimaliza kucheka watakwenda kula, na wewe utakuwa umejua.

Mungu akufungue mdomo, mwanangu. Akupe walimu wasiokuchoka, na miguu ya kuwafuata wangali wapo. Haya, toka humo kwenye shuka ukaoge.