Dua Haigongwi Muhuri

Nilikuwa nikingojea cheti cha mpwa wangu katika ofisi ya chuo kimoja hapa Unguja, mwanafunzi alipoingia na barua. Wenzake wametia saini kuomba chuo kiondoe akiba yake kwenye kampuni inayouza silaha za kuwaulia Wapalestina.

Ofisa aliirudisha kwa ncha ya kalamu. “Hii siasa, mwanangu. Ukiing’ang’ania utafukuzwa.”

“Ijumaa nilisali ubavuni pako, mzee wangu. Ulilia wakati wa kuwaombea.”

“Ile ilikuwa dua.”

“Na hii?”

“Hii barua. Inataka majibu.”

Kijana akamsogezea nakala ya pili. “Basi nigongee tu muhuri kuwa mmeipokea.”

Ofisa akautia muhuri kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

Wapalestina wana bahati. Tunamwomba Mungu kwa machozi awafanyie makubwa, ilimradi asitutake tumuudhi mkuu wa chuo.